Amana ya Fundi: Namna ya Kuichagua Karakana ya Kunyoosha Magurudumu ya Lori

Miongoni mwa kazi zote zifanyikazo katika karakana za malori, hapana iliyo rahisi kughushiwa kuliko kunyoosha magurudumu, kwa sababu kazi nyingine huacha shahidi: springi mpya huonekana kwa macho, beringi mpya ina boksi lake, na injini iliyofunguliwa huonyesha gasketi na mafuta mapya, lakini gurudumu lililonyooshwa na lisilonyooshwa, yakisimama mbele ya mwenyewe, hufanana kabisa, na tofauti yao ni milimita chache ambazo jicho haliwezi kuzidiriki. Kwa ajili hiyo mwenye lori apelekaye gari lake kunyooshwa hununua kitu kimoja tu, nacho ni kipimo. Na karakana isiyoweza kumwonyesha kipimo haikumwuzia kitu, hata kama fundi alitoka jasho kutwa nzima. Nia ya makala haya ni kumpa msomaji, awe mwenye lori moja au msimamizi wa magari ya kampuni, maarifa ya kumtosha kuitambua karakana yenye amana kabla hajaikabidhi mali yake.

Kunyoosha magurudumu, kazi ambayo mafundi wetu huiita alaimenti, ni kuyaweka magurudumu katika pembe alizozikusudia mtengenezaji, ili yote yafuate njia moja bila ya kushindana. Katika ekseli ya mbele pembe kuu ni tatu. Ya kwanza ni mwelekeo, yaani magurudumu mawili kuelekeana kidogo kwa mbele au kuachana. Ya pili ni mwinamo, yaani gurudumu kuinama juu kwa ndani au kwa nje. Na ya tatu ni mlalo wa kingpini kwa nyuma, ambao ndio urudishao usukani katikati wenyewe baada ya kona. Mwelekeo husahihishwa kwa kuzungusha tairodi, na mlalo wa kingpini huweza kusahihishwa kwa kabari iwekwayo baina ya springi na ekseli; lakini mwinamo, katika lori lenye ekseli moja nzima ya chuma kilichofuliwa, umekwisha kuwekwa kiwandani, na ukiharibika yapasa itafutwe sababu yake, kama vile kingpini iliyolika, beringi iliyolegea, au ekseli iliyopinda baada ya kupiga shimo au jiwe.

Mikono ya usukani nayo imepindishwa kwa hesabu ya zamani sana. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann alisajili mjini London hataza ya uvumbuzi wa Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi wa Munich, uliowezesha gurudumu la ndani ya kona kukata zaidi kuliko la nje, kwa kuwa la ndani hupita katika duara dogo zaidi. Malori yetu yangali yakitegemea kanuni ile ile. Basi ukimwona fundi analeta moto wa gesi ili aupashe mkono wa usukani au ekseli ya mbele apate kuupinda, mzuie mara moja. Kwani moto huondoa ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani, na pembe inayoonekana kuwa imenyooka leo itakuwa imenunuliwa kwa udhaifu wa chuma kitakachovunjika kesho mteremkoni.

Hasara ya pembe iliyokosewa haina haja ya kukisiwa, madhali yaweza kuhesabiwa. Aghalabu mwelekeo unaotakiwa kwa matairi ya kisasa ya mbele ni milimita 1 au 2 tu kwa jumla, na kitabu cha mtengenezaji ndicho hakimu wa kila aina ya gari. Tuseme lori limezidi kiasi hicho kwa milimita 6, yaani milimita 3 kwa kila gurudumu, na tairi lina kipenyo cha kama mita 1. Kwa hesabu ya pembe hiyo, katika kila mita 1,000 za safari kila tairi la mbele hulazimishwa kuburuzwa upande kama mita 3. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, ni kilomita zipatazo 930. Basi katika safari moja ya kwenda tairi lile limesuguliwa kwa upande mwendo wa karibu kilomita 2.8, likiwa chini ya ekseli ambayo Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari huiruhusu kubeba hadi tani 8. Ndipo mwenye lori hulalamika kuwa matairi ya siku hizi hayana maisha, ilhali tairi halina kosa lolote.

Walakini kosa la mbele si lote. Karakana nyingi hupima ekseli ya usukani peke yake, zikasahau kwamba ekseli za nyuma ndizo zisukumazo gari, na kwamba ekseli ya nyuma iliyokaa mshazari hulisukuma lori zima upande mmoja, dereva akawa anaushikilia usukani kwa upande wa pili mchana kucha. Hapo matairi ya mbele huliwa ingawa pembe zake ni sahihi, na kila fundi apimaye mbele tu atakuambia kwa haki kabisa kwamba haoni kosa. Vivyo hivyo kwa tela: fundi mjuzi hupima kutoka kwenye pini kubwa inayoshika kichwa cha lori mpaka ncha mbili za ekseli ya kwanza ya tela, kushoto na kulia, na tofauti ya vipimo hivyo viwili haipasi kuzidi kama milimita 3, kisha huzipima ekseli zinazofuata kwa kuzilinganisha na hiyo ya kwanza. Kipimo hiki chahitaji utepe mzuri, mikono miwili ya uangalifu, na sakafu iliyo sawa. Basi swali la kwanza la kuiuliza karakana ni hili: mnapima ekseli ngapi? Ikijibu kwamba hupima ya mbele tu, yakupasa kujua kuwa utapata nusu ya kazi, na ulipe kwa kadiri hiyo.

Swali la pili lahusu utaratibu. Alaimenti ni kazi ya mwisho, si ya kwanza. Kabla ya kuzungusha tairodi, fundi mwaminifu huinyanyua ekseli, hulitikisa gurudumu juu na chini apate kuijua hali ya kingpini na beringi, humwomba msaidizi auchezeshe usukani huku yeye akizitazama tairodi endi kama zina mchezo, huzikagua bushi za springi, hukaza yu-bolti, huangalia kama senta bolti imekatika, na hujaza upepo sawasawa katika matairi yote. Kuweka pembe juu ya kingpini iliyolika ni sawa na kupima kitambaa kwa kamba ya mpira: kipimo kitasomeka vizuri mbele ya mwenye mali, kisha kitabadilika mara gari liondokapo. Kwa sababu hiyo fundi akikataa kunyoosha magurudumu mpaka kifaa fulani kibadilishwe, usimdhanie tamaa upesi. Mwambie akuonyeshe mchezo wenyewe, ulishike gurudumu kwa mkono wako au dereva wako alishike, na ikiwa mchezo upo, basi amekutendea wema kwa kukataa.

Mwenye lori aweza kufika karakana akiwa na ushahidi wake mwenyewe, nao ni tairi. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ukihisi laini upande mmoja na makali upande mwingine kama ya msumeno, dalili ni ya mwelekeo uliokosewa. Tairi lililolika bega moja tu huashiria mwinamo, au vifaa vilivyolegea vinavyouiga. Lililolika mabega yote mawili likaacha katikati limekosa upepo, na lililolika katikati limejazwa kupita kiasi. Tairi lenye mabonde mabonde aghalabu hulaumu shokapu, beringi, au gurudumu lisilo na uwiano, na hilo alaimenti haiwezi kuliponya. Kadhalika ujue kwamba huku kwetu Tanzania na Kenya huendeshwa kushoto, na barabara hupewa mgongo katikati ili maji ya mvua yateremke kando. Kwa hiyo lori lisilo na kosa laweza kusogea kushoto kidogo, na fundi mwenye insafu hulijaribu kwanza mahali tambarare kabla ya kusema kuwa linavuta.

Sasa nazitaja alama za karakana ya kuaminika. Sakafu yake ni sawa, au ina jukwaa lililosawazishwa, kwani hapana chombo, kiwe cha leza, cha kamera au cha kamba, kiwezacho kusema kweli juu ya udongo wenye mashimo. Chombo cha thamani si alama ya kutosha. Karakana yenye mtambo mpya ambao haujahakikiwa tangu ufike haina fadhila juu ya fundi mzee mwenye ufito wa kupimia na chaki ambaye huzungusha gurudumu, hulichora mstari, na kupima mara mbili. Pembe huandikwa kabla ya kazi na baada ya kazi, na nakala hupewa mwenye gari. Vifaa vilivyotolewa hurudishwa kwake, hata viwe vichakavu. Nati za rimu hukazwa kwa spana yenye kupima nguvu, ambayo kwa rimu nyingi za nati 10 za milimita 22 ni kama nyutoni-mita 600 hadi 680, kwa kadiri ya kitabu cha gari. Na dereva huambiwa azikaze tena baada ya kilomita baina ya 80 na 160, kwa maana nati hujikalia na kulegea kidogo baada ya gurudumu kufungwa upya. Karakana isahauyo kumwambia dereva neno hilo imeacha nyuma yake hatari ya gurudumu kuchomoka njiani, na mwathiriwa huenda akawa mpita njia asiye na shauri katika jambo hilo.

Juu ya vipuri, tofautisha bei ya kazi na bei ya kifaa, na ziandikwe mbalimbali. Vipuri bandia huuzwa katika maboksi yanayofanana na ya asili, na Tume ya Ushindani nchini Tanzania imekabidhiwa jukumu la kupambana na bidhaa za namna hiyo. Lakini ulinzi wa karibu zaidi ni risiti yenye jina la duka, alama na namba ya kifaa. Fundi asiyetaka ujue alikonunua tairodi endi, iwe Kariakoo au kwingineko, amekunyima njia ya kurudi iwapo itakatika.

Lipo jambo moja zaidi ambalo lapasa kunenwa bayana, ijapokuwa ni zito. Mwenye mali yuko mjini, lori limesimama Mikumi au Makambako, na kati yao pana dereva, fundi na simu. Ikiwa fundi humpa dereva fungu kwa kila kazi anayoileta, hapo kazi zitaongezeka na maradhi ya lori yatazidi, wala si lazima awepo mtu mwovu, kwani mpango mbaya huwashinda hata watu wema. Dawa yake si matusi wala shuku kwa kila dereva. Mlipe dereva posho inayomtosha njiani. Patana naye mapema kuwa hapana kazi kubwa bila ya picha ya kifaa na ya vipimo. Wewe mwenyewe zungumza na fundi, na fedha imfikie yeye moja kwa moja. Na tairi lililodumu muda mrefu, dereva aliyelitunza apate zawadi. Hapo maslahi ya watu watatu huwa mamoja, na karakana yenye kutegemea fungu la siri hukosa mlango wa kuingilia.

Ili kuijaribu karakana usiyoijua, usianze na kazi kubwa. Ipelekee lori kwa kupima tu, ukilipa ujira wa kupima, na usiseme kosa ulilolishuku. Wakikupa pembe zilizoandikwa, wakakuonyesha kifaa kilicholika na kile kilicho kizima, na hasa wakikuambia kuwa ekseli fulani haina haja ya kuguswa, umepata watu wa kushirikiana nao. Wakianza kufungua kabla ya kupima, ondoka kwa upole. Na mwenye lori naye ana sharti lake, kwani wako wanaotaka lori lirudi barabarani jioni ile ile, wakamhimiza fundi aache ukaguzi, kisha wakamlaumu tairi lilipolika. Akipatikana fundi apimaye kabla ya kushika spana, mpe muda anaouomba, mlipe haki yake siku aimalizapo kazi, na uwatajie wenzako jina lake, maana ustadi wa kweli hudumu katika mji ule ambao uaminifu humpatia mtu riziki.