Walipasua Tumbo, Sukari Ikashuka

Sogeeni, wajukuu zangu. Kisa cha leo hakina sungura wala fisi, na mambo yake yote yametokea kweli. Kina madaktari, kina matumbo ya watu, na kina swali lililowasumbua mabingwa kwa miaka mingi: kwa nini mgonjwa wa kisukari akipasuliwa tumbo ili apungue mwili, sukari yake hushuka kabla hata kilo hazijaondoka?

Twende Greenville, mji wa jimbo la North Carolina nchini Marekani. Huko, katika miaka ya 1980, daktari Walter Pories na wenzake walikuwa wakiwapasua watu wenye unene uliopita kiasi. Baadhi yao walikuwa pia na kisukari aina ya pili. Katika ugonjwa huo kongosho hutoa insulini, homoni inayoiondoa sukari kwenye damu na kuipeleka kwenye misuli, lakini mwili umeacha kuitii, na polepole kongosho nalo huchoka. Vitabu vya wakati ule vilisema ugonjwa huu ukishamshika mtu, haumwachi tena.

Sasa tazameni yaliyotokea wodini. Mgonjwa ameingia hospitali akichomwa sindano ya insulini kila siku. Amepasuliwa, amerudi kitandani, muuguzi anampima sukari. Siku chache baadaye anapimwa tena, na ile sindano haihitajiki. Ukimtazama ni yuleyule, nguo zake bado ni zilezile, lakini damu yake imebadilika. Mwaka 1995 Pories alitoa hesabu: kati ya wagonjwa 146 wa kisukari, sukari ya 121 ilirudi kawaida na kubaki hivyo. Hata kichwa cha makala yake kilikuwa cha mtu aliyepigwa na butwaa.

Ili tujue siri ilikuwa wapi, tufuate tonge moja la ugali na maharage. Unalitafuna, unalimeza, linashuka kwenye umio na kuingia mfuko wa chakula. Sehemu ya juu ya mfuko huo hutoa homoni inayouambia ubongo kwamba una njaa. Inaitwa ghrelini, na walioigundua mwaka 1999 ni Wajapani wawili, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa. Tonge likishasagwa linaingia duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na hapo linakutana na nyongo kutoka kwenye ini na maji ya kongosho. Kisha linaanza safari ya mita kama sita, na njiani sukari, mafuta na protini zinafyonzwa kuingia mwilini. Kuelekea mwisho wa njia hiyo kuna chembe hai nyingi zinazotoa homoni nyingine, GLP-1. Hii huliamsha kongosho litoe insulini na huuambia ubongo kwamba sasa yatosha. Kwa kawaida chakula hufika huko kikiwa kimeshafyonzwa sehemu kubwa, kwa hiyo chembe hizo hazipati cha kuzishtua sana.

Ramani hiyo ikae kichwani, maana madaktari waliibadilisha kwa namna nne.

Namna ya kwanza ni mkanda. Daktari anaufunga mkanda wa silikoni sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na anaweza kuukaza au kuulegeza kwa maji ya chumvi yanayoingizwa kupitia kitufe kilicho chini ya ngozi. Hakuna kinachokatwa wala njia inayohamishwa. Mtu anashiba haraka, basi. Marekani iliuruhusu mwaka 2001, lakini wagonjwa wengi walilazimika kurudi kutolewa mikanda yao, na siku hizi haufungwi mara kwa mara.

Namna ya pili ni mrija. Zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula inakatwa na kutolewa kabisa, kinabaki kipande chembamba kirefu. Kwanza ilikuwa hatua ya mwanzo tu, kwa wagonjwa ambao miili yao haikuweza kuhimili upasuaji mkubwa kwa mara moja. Madaktari walipoona wengi wanapata nafuu bila hatua ya pili, wakaiacha isimame peke yake. Leo ndiyo inayofanywa zaidi duniani. Mrija hauhamishi njia, lakini unaondoa sehemu kubwa ya chembe zinazotoa ghrelini, na chakula kinapita upesi kwenda chini, hivyo GLP-1 nayo inapanda.

Namna ya tatu ni mchepuo, na huu una historia ndefu. Edward Mason, daktari wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliona kwamba watu waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa ajili ya vidonda vya tumbo walikonda na hawakunenepa tena. Mwaka 1966 akaanza kuwafanyia watu wanene upasuaji uliotokana na wazo hilo. Baadaye ukaunganishwa na mshono wenye umbo la herufi Y, uliobuniwa na Mswisi César Roux wa Lausanne mwishoni mwa karne ya 19. Daktari anaacha juu kijifuko kinachoingia kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Anaukata utumbo mwembamba, anavuta ncha ya chini juu na kuishona kwenye kijifuko hicho. Nyongo inashuka kwa njia yake na kukutana na chakula mbele. Tonge letu sasa limekuwa daladala iliyopewa njia mpya: inaruka vituo vya mwanzo na kufika karibu na mwisho wa safari abiria wengi wakiwa bado wamo ndani. Zile chembe za GLP-1 zinapokea mzigo ambao hazijawahi kuuona, na homoni inafumuka. Hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya sukari ya wale wagonjwa wa Greenville, waliofanyiwa mchepuo, ishuke mapema. Sababu nyingine ni nyepesi zaidi: siku hizo za mwanzo mtu anakula kidogo mno, na ini linaacha kumwaga sukari nyingi kwenye damu.

Namna ya nne ni ya Nicola Scopinaro wa Genoa, Italia, aliyeitangaza mwishoni mwa miaka ya 1970. Hii inaruka sehemu kubwa zaidi ya utumbo. Chakula na nyongo vinatembea mbalimbali, vinakutana kwenye sentimita 50 tu za mwisho. Mafuta mengi yanayoliwa hayapati muda wa kufyonzwa, yanatoka na choo.

Najua mnachotaka kuuliza: ipi inaishinda sukari?

Mjini Roma, Geltrude Mingrone na wenzake waliwachukua wagonjwa 60 wa kisukari wakawagawa kwa kura mafungu matatu. Fungu moja lilipewa dawa, jingine mchepuo, jingine upasuaji wa Scopinaro. Baada ya miaka 5, kwenye fungu la dawa hakuna hata mmoja ambaye kisukari chake kilikuwa kimetulia. Kwenye mchepuo walikuwa asilimia 37, na kwa Scopinaro asilimia 63. Miaka 10 ilipotimia, asilimia zilikuwa 5.5 kwa dawa, 25 kwa mchepuo na 50 kwa Scopinaro. Nimesema kutulia, sikusema kupona, kwa sababu mnaona wenyewe jinsi hesabu zilivyoshuka kadiri miaka ilivyokwenda.

Huko Cleveland, Marekani, Philip Schauer na wenzake waliwagawa wagonjwa 150 kwa kura. Baada ya miaka 5, waliofikia lengo kali la sukari walikuwa asilimia 5 kwa dawa peke yake, 23 kwa mrija na 29 kwa mchepuo. Ufini nako wagonjwa 240 waligawanywa kati ya mrija na mchepuo, wakafuatiliwa miaka 10. Miongoni mwa waliokuwa na kisukari, ugonjwa ulikuwa umetulia kwa asilimia 26 ya wenye mrija na 33 ya wenye mchepuo, tofauti ndogo ambayo huenda ni bahati tu. Ila kwenye mambo mengine pengo lilikuwa wazi. Miongoni mwa waliokuwa na shinikizo la damu, lilitulia kwa asilimia 24 ya waliochepushwa, lakini kwa wenye mrija lilikuwa asilimia 8 pekee. Na asilimia 31 ya wenye mrija walikutwa na umio uliobabuliwa na asidi, ilhali kwa waliochepushwa ilikuwa asilimia 7.

Na ule mkanda je? Mwaka 2008, watafiti wa Melbourne, Australia, walitangaza kwamba baada ya miaka 2 kisukari kilitulia kwa asilimia 73 ya waliofungwa mkanda, huku kwa waliopewa matibabu ya kawaida ikiwa asilimia 13. Subirini! Msikimbilie kusema mkanda umeupiku mchepuo kwa kuwa 73 ni kubwa kuliko 29. Wagonjwa wa Melbourne walikuwa wamegunduliwa na kisukari ndani ya miaka 2, makongosho yao bado yana nguvu. Wa Cleveland wengi walikuwa wameugua kwa miaka mingi na karibu nusu walikuwa wakitumia insulini. Tena muda wa kusubiri haukuwa sawa, wala lengo la sukari halikuwa sawa. Wanaoshindana wasipoanzia mstari mmoja na kumalizia mstari mmoja, hakuna mshindi. Asilimia yoyote mtakayoletewa maishani, iwe ya dawa, ya shule au ya uchaguzi, ulizeni kwanza ni ya nani, ilipimwaje, na baada ya muda gani.

Melbourne hata hivyo ilifundisha jambo. Kwa mkanda, sukari ilishuka kwa kadiri mtu alivyopungua uzito. Kwa mchepuo, sehemu ya nafuu inakuja mapema kabla ya uzito kupungua. Kwa hiyo mpangilio unaonekana: kadiri njia ya chakula inavyobadilishwa zaidi, ndivyo sukari inavyoshindwa kwa nguvu zaidi.

Lakini hakuna cha bure hapa, wajukuu zangu. Chuma hufyonzwa hasa kwenye duodeni, na duodeni imerukwa. Vitamini B12 huhitaji msaada wa kitu kinachotolewa na mfuko wa chakula, na mfuko umekatwa au umewekwa kando. Ndiyo maana mtu aliyechepushwa humeza vidonge vya vitamini na madini maisha yake yote na hupimwa damu mara kwa mara. Akisahau, anapata upungufu wa damu na mifupa inadhoofika. Akinywa soda ya baridi kwa pupa, sukari inaporomoka kwa kishindo kwenye utumbo: moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, kichwa kinazunguka, tumbo linamkata akimbilie chooni. Na ule upasuaji wa Scopinaro, bingwa wa kushusha sukari, ndio wenye gharama kubwa kuliko yote. Mtu anaweza kukosa protini hadi avimbe miguu, au kukosa vitamini A hadi asione vizuri gizani. Kwa sababu hiyo ni madaktari wachache wanaoufanya, pamoja na ushindi wake wote. Daktari mwenye hekima hachagui upasuaji wenye asilimia kubwa, anachagua unaomfaa mgonjwa aliyeketi mbele yake, kwa umri wake, ugonjwa wake, na uwezo wake wa kurudi kliniki mwaka hata mwaka.

Wala msidhani upasuaji huu ni wa kujipendezesha. Ni tiba ya watu wazima wanaougua, na vijana wachache sana ambao hali zao ni mbaya, baada ya vipimo na mashauri mengi. Sweden iliwafuatilia watu kama 2,000 waliopasuliwa tangu mwaka 1987, na waliishi zaidi kuliko wenzao wanene ambao hawakupasuliwa. Mwaka 2016 vyama zaidi ya 40 vya kitabibu na kisayansi viliafiki kwamba upasuaji huu uhesabiwe miongoni mwa tiba za kisukari. Na homoni ile ya GLP-1 imezaa sindano za kuiiga, ambazo leo zinatibu kisukari na unene bila kisu.

Jambo kubwa lililofichuliwa na visu hivyo ni hili: njaa, shibe na sukari huongozwa na homoni zinazotoka tumboni, na mtu hazioni wala hazitumi. Mtu mnene anaweza kuwa anapigana kila siku na mwili unaomwambia ana njaa wakati ameshakula. Kwa hiyo kesho mkiwa shuleni, mkisikia mwenzenu anaitwa bonge na darasa zima linacheka, msicheke. Ketini naye, chezeni naye, na atakayesema ni mvivu au mlafi, mwelezeni safari ya tonge la ugali kama nilivyowaeleza mimi.