Faili Kwanza, Mashine Baadaye

Alikuja jioni tukikaribia kufunga, laptopu ameikumbatia kifuani kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na humo ndani mlikuwa na tasnifu yake pamoja na mahojiano aliyorekodi vijijini kwa miezi minane. Betri ilishakufa zamani, kwa hiyo alikuwa akiitumia kwa umeme wa moja kwa moja. Windows ikiwa katikati ya kujisasisha, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine iliwaka, ikaonyesha nembo, ikafika kwenye skrini ya buluu, ikajizima na kuanza upya. Ikawa hivyo kutwa nzima.

"Shikamoo, fundi. Nilikotoka wameniambia nipigiwe window, nusu saa tu inakuwa tayari. Nikaona niulize na kwingine kwanza."

"Marahaba. Umefanya vizuri sana kuuliza."

Nilifungua skrubu za chini, nikachomoa diski, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa kebo ya USB. Baada ya sekunde chache folda zake zote zikajitokeza. Diski ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni Windows. Tulinakili kila kitu kwenye diski nyingine, akafungua tasnifu na kuisoma hadi ukurasa wa mwisho, ndipo nikapiga window, yaani nikasakinisha Windows upya. Ni kazi ileile aliyoambiwa kule alikotoka, ila imetanguliwa na jambo moja.

Jambo hilo moja ndilo lililonifanya niandike. Katika miaka yangu ya ufundi nimeona faili nyingi zaidi zikipotea mikononi mwa watu baada ya mashine kugoma kuliko zilizopotezwa na hitilafu yenyewe.

Tunaposema "kompyuta imekufa" tunachanganya mambo mawili. Mashine ni bodi kuu, chaja, skrini, ramu na vingine vingi, na kimojawapo kikifa, mashine nzima haitumiki. Faili zako hazikai huko. Zinakaa kwenye diski, kifaa kimoja kinachotosha kiganjani. Kwenye laptopu za siku hizi mara nyingi ni kijibao chenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Laptopu inaweza kumwagikiwa chai ikafa kabisa na diski ikabaki salama. Na Windows ikivurugika, mashine haitaingia ndani, lakini barua na picha zako zipo palepale zilipokuwa jana.

Dunia nzima iliona jambo hili tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani ya CrowdStrike ilisambaza sasisho bovu la programu yake ya ulinzi, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikagoma kuwaka. Ndege zikaahirishwa, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Dawa yake ilikuwa kuiwasha mashine katika hali ya usalama na kufuta faili moja tu iliyoleta balaa. Kazi za watu zilizokuwa kwenye diski hizo hazikuhitaji kufutwa. Hebu fikiria kila fundi angeanza kwa kupiga window siku ile.

Kwa nini basi naliogopa neno hilo? Diski ina rejista, kama ile ya maktaba, inayosema kitabu gani kiko rafu ipi. Diski inapofomatiwa kwa njia ya haraka, rejista ndiyo inayochanwa. Vitabu bado viko rafuni. Mtu akisimamisha kazi hapo, mengi yanaweza kuokolewa. Ila kupiga window hakuishii hapo. Windows mpya inaingia na gigabaiti zake nyingi na kukaa juu ya rafu zilezile, na mahali palipoandikwa kitu kipya, cha zamani hakirudi. Hakuna fundi wa kukirudisha, hata umlipe kiasi gani.

Kinachobaki ni kuokoteza. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo haihitaji rejista. Inapita diski nzima ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanzia. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF, na programu ikiziona inajua hapa palianza picha. Imewarudishia watu wengi picha za harusi na za marehemu wao. Lakini zinarudi bila majina na bila folda, maelfu kwa maelfu, na faili iliyokuwa imetawanyika vipande vipande hurudi imeharibika. Kwa diski ya SSD, kama kile kijibao nilichokitaja, hata matumaini hayo ni haba, kwa sababu Windows ikishafuta kitu huiarifu SSD kwamba nafasi ile haihitajiki tena, nayo SSD huisafisha yenyewe kimyakimya. Ndani ya muda mfupi hakuna cha kuokoteza.

Sasa tuseme mashine yako imegoma leo. Kama haionyeshi dalili yoyote ya uhai, anza na vilivyo rahisi: chaja nyingine, soketi nyingine, kisha chomoa chaja na kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani utoke. Kama feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, iunganishe na televisheni au skrini ya nje. Nimewahi kupokea laptopu "iliyokufa" ambayo ilikuwa ikifanya kazi vizuri gizani.

Hapo pakishindikana, njia ya kwanza ni ile niliyomfanyia mwanafunzi yule. Kebo ya kuunganisha diski ya laptopu na USB si ghali, na mafundi wengi wanayo. Tahadhari ni kwamba vijibao vya SSD viko vya namna mbili zinazofanana kwa macho, SATA na NVMe, na kasha la USB la kusomea namna moja mara nyingi halisomi nyingine. Na diski kubwa ya kompyuta ya mezani, ile ya inchi 3.5, inahitaji umeme wake wa pembeni, haitoshelezwi na USB. Ukishachomeka diski yako, Windows ikikuambia huna ruhusa ya kufungua folda, ni kwa sababu folda ilikuwa ya mtumiaji mwingine. Ikikuambia diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, kataa! Maana yake ni kwamba haikuweza kuisoma rejista tu.

Njia ya pili haihitaji bisibisi. Ni kuiwasha mashine kwa mfumo endeshi mwingine kutoka kwenye flashi. Mjerumani Klaus Knopper aliieneza mwaka 2000 kwa mfumo wake wa Knoppix, uliowaka kutoka kwenye CD bila kugusa diski. Leo wengi tunatumia Ubuntu, ambao jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Unautengeneza kwenye kompyuta ya jirani ukiwa na flashi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi, unaiwasha mashine iliyogoma kwa flashi hiyo, unachagua kujaribu na siyo kusakinisha, kisha unafungua diski yako kama unavyofungua folda yoyote na kunakili ulivyonavyo kwenye diski ya nje. Anza na folda yenye jina lako ndani ya Users. Hapo ndipo zilipo folda za mezani (Desktop), nyaraka (Documents) na vilivyopakuliwa (Downloads). Watu hushangaa kwamba nenosiri halikuulizwa. Nenosiri la Windows ni mlango wa Windows. Lisipokuwepo jambo jingine nitakalolieleza, mwenye flashi au bisibisi anaingia kwa dirisha. Likumbuke hilo pia siku unapouza laptopu yako.

Yote haya ni kwa diski iliyo nzima. Diski inayokufa ni mgonjwa mwingine kabisa, na hapa naomba msomaji asikilize kwa makini.

Diski ya sahani, ambayo bado imo kwenye laptopu nyingi za mitumba tunazonunua, huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ikianguka inapofanya kazi, kichwa hugusa sahani na kuikwangua. Ukisikia tik, tik, tik ya kujirudia, kichwa kimeshindwa kupata njia yake. Kila dakika unayoiacha ikizunguka inaweza kuwa inasaga data zako kuwa vumbi. Zima. Usiiwashe tena "kuona kama imekaa sawa". Usiifungue, maana chembe moja ya vumbi ni jabali kwa kichwa kinachoelea vile. Wanaozifungua hufanya hivyo kwenye vyumba vyenye hewa iliyochujwa. Na usiitie kwenye friza kama wanavyosimulia watu, kwani ikitoka humo unyevu hutanda juu ya sahani.

Isipolia bali ikawa nzito kupita kiasi, folda moja ikifunguka kwa dakika tano, bado una nafasi, ingawa inapungua. Chukua kwanza kile ambacho ukikikosa utalia; filamu na miziki iache. Usiruhusu Windows iikague na kuirekebisha, maana ukaguzi ule huichosha diski na kuandika juu ya rejista iliyojeruhiwa. Mafundi tunatumia programu ya bure ya GNU ddrescue. Yenyewe huchukua kwanza sehemu zinazosomeka bila shida, zinazogoma inaziruka, kisha huzirudia mwishoni kwa subira. Huandika pia ramani ya ilikofika, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi unaendelea palepale ulipoachia. Kwa mazingira yetu ya umeme, sijaona programu iliyofikiriwa vizuri zaidi.

Limebaki lile jambo nililoahidi, nalo linazidi kutuumiza mwaka hadi mwaka: diski iliyofungwa kwa siri. Kompyuta za Apple zenye chipu ya T2, zilizoenea kuanzia 2018, na zote zilizofuata zenye chipu za Apple zenyewe, husimba data kwa ufunguo ulio ndani ya chipu. Kwa laptopu hizo kuchomoa hifadhi ukaisomee kwingine hakusaidii kitu. Windows nayo ina BitLocker, na Windows 11 za karibuni huiwasha yenyewe mashine ikianza kutumika na akaunti ya Microsoft, bila mwenye mashine kuwa na habari. Diski hiyo ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine, au ukiiwasha kwa flashi, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, faili zipo, diski ni nzima, na huwezi kusoma hata herufi moja. Katika siku zile za Julai 2024, kuna waliojua kabisa faili gani ya kufuta lakini wakakwama hapo.

Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha mashine. Na kama aliyekuanzishia ni muuzaji, au fundi aliyetumia akaunti yake ili kazi iishe upesi, basi ufunguo wako uko kwa mtu ambaye huenda hata namba yake ya simu umeshaipoteza.

Kwa hiyo, leo kabla hujaizima laptopu yako, andika BitLocker kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows. Ukiona imewashwa, chagua kuhifadhi ufunguo wa dharura, zinakili tarakimu zote 48 kwenye karatasi, makundi manane ya tarakimu sita sita, na karatasi hiyo uiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.