Kamba Iliyokunjwa Mara Nne

Wiki hii nazungumzia vigari vya kuchezea. Msicheke kwanza.

Mwezi uliopita nilikuwa Mbamba Bay, nimekaa chini ya mwembe nikisubiri gari la kurudi Mbinga. Akapita mtoto wa miaka tisa hivi, anasukuma lori la waya kwa mti mrefu wenye usukani. Mzee aliyekaa kando yangu akaitikia shikamoo yake, kisha akamwuliza, "Mjukuu wangu, Bedford hilo umeliona wapi?" Mtoto akasema, "Siyo Bedford, babu. Ni Fuso." Mzee akanyamaza. Mtoto alikuwa sahihi. Alitengeneza gari analoliona kila siku. Bedford hajapata kuliona hata moja.

Hapo nikakumbuka kabati la mgeni mmoja kutoka Marekani, ambaye aliwahi kunionyesha picha yake. Rafu zote zimejaa vigari vya chuma, kila kimoja na kikaratasi chake. Ni mifano ya magari ambayo wenyewe huyaita "magari ya misuli": mwili wa gari la kawaida, lakini ndani kuna injini kubwa ya silinda 8. Wengi huhesabu kuwa yalianza na Pontiac GTO ya mwaka 1964, yenye injini ya lita 6.4. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani, na kwa kuwa bima na sheria za moshi zilikwisha kuyabana, magari yale yakatoweka viwandani. Hapa kwetu ukata huohuo wa mafuta wazee wanaukumbuka kwa amri ya kutotembeza magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana.

Mgeni yule aliniambia baba yake aliuza gari la namna hiyo wakati huo. Leo gari lenyewe hawezi kulinunua, lakini mfano wake unaenea mkononi.

Mifano hiyo haitengenezwi ovyo. Ina skeli, kama ramani tulizochora shuleni. Skeli ya 1 kwa 18 maana yake kila sentimita 18 za gari halisi zimekuwa sentimita 1. Ford Mustang ya mwaka 1965 ina urefu wa mita 4.6 hivi, kwa skeli hiyo inakuwa sentimita 25 na nusu. Kwa skeli ya 1 kwa 64 inabaki sentimita 7 tu. Ndiyo karibu na kipimo cha vigari vya Hot Wheels, vilivyoanza kuuzwa na kampuni ya Mattel mwaka 1968. Na kabla yao, Uingereza, fundi Jack Odell alimtengenezea binti yake mashine ndogo ya kushindilia barabara, kwa sababu shuleni waliruhusu tu kitu cha kuchezea kinachoingia ndani ya kiberiti. Kwa hiyo vigari vya Matchbox, ambavyo watu wazima huvikusanya kwa fedha nyingi, chanzo chake ni mtoto aliyetaka kwenda na kitu shuleni.

Sasa nirudi nyumbani. Mwaka 1988 kaka yangu mkubwa alitengeneza Bedford. Lori halisi lilikuwa likija kijijini kwetu kuchukua kahawa, na Bedford, pamoja na kwamba yalitengenezwa Uingereza, yalikuwa ya General Motors, kampuni ileile iliyokuwa na Pontiac. Kaka hakuijua habari hiyo, wala neno skeli. Alichukua kamba, akapima gurudumu la lori toka chini hadi juu, akaikunja kamba nusu, tena nusu, tena, na tena. Kamba ya mita moja ukiikunja hivyo mara nne, zinabaki sentimita 6 na robo. Hiyo ni skeli ya 1 kwa 16, ndugu zangu, karibu sawa na ya yule Mmarekani! Magurudumu akakata kwenye kandambili kuukuu, ekseli ikawa spoku ya baiskeli, springi ikawa mianzi iliyopasuliwa, na mwili ukawa bati la debe la mafuta ya kula. Hata kioo cha kushoto kilichopasuka, akachora ufa wake.

Kaka alifariki mwaka 1999. Lori halisi lilikwisha kuuzwa chuma chakavu. Picha yake hatuna. Na Bedford ya bati tulikuwa tumempa mtoto wa jirani, ikaishia jalalani. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitoa, nikiona ni takataka. Leo wanangu wakiniuliza kahawa ya babu yao ilishukaje milimani kabla ya lami, sina cha kuwaonyesha. Nabaki kupiga mikono hewani.

Ninachoomba si kununua vigari vya chuma kutoka ng'ambo. Wala msimnyang'anye mtoto gari lake, maana limetengenezwa lichezewe. Mwombe akutengenezee la pili, umlipe ujira wake kama fundi yeyote. Kisha andika kikaratasi: jina la aliyetengeneza, kijiji, mwaka, na ni gari gani. Bila maneno hayo manne, baada ya miaka thelathini ni bati tu. Shule ikitenga rafu moja darasani, itakuwa na historia ya usafiri wa Mbinga na Nyasa iliyoandikwa na watoto wenyewe.

Fuso nalo litapita, kama Bedford lilivyopita. Yule mtoto wa Mbamba Bay nilimwagiza anitengenezee moja. Aliniuliza nina mtoto wa umri gani. Nikamwambia ni langu mwenyewe. Alicheka sana, lakini kazi ameipokea.