Nyota zinawaka kwa mafuta gani?

 

Leo naanza kwa kukiri kosa. Miaka mingi iliyopita, nikiwa maalim kijana, umeme ulikatika baada ya sala ya Isha, nasi tukakaa barazani na wanafunzi. Binti mmoja mdogo akatazama juu, akaniuliza: "Maalim, nyota zinawaka kwa mafuta gani, mbona hayaishi?" Nikamwambia aache kuuliza yasiyomhusu, arudi kwenye juzuu yake. Akanyamaza, na sikumbuki kama aliniuliza jambo jingine tena.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipojua kuwa swali lile liliwashinda wataalamu wakubwa hadi karne ya 20. Ilikwisha kupigwa hesabu kwamba, lau jua lingekuwa makaa ya mawe, lingeteketea kwa miaka elfu chache tu. Mwaka 1920 Arthur Eddington wa Uingereza alidokeza kuwa nguvu ya nyota huenda inatoka ndani ya viini vya atomi. Kisha mwaka 1925 Cecilia Payne, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1900 na aliyekuwa akisoma Harvard, Marekani, alichambua mwanga wa nyota akakuta kwamba sehemu yake kubwa mno ni haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote. Mkubwa wake katika elimu hiyo, Henry Norris Russell, hakukubali, na binti yule akalazimika kuandika katika tasnifu yake kwamba matokeo hayo yaelekea si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe alifikia jibu lile lile kwa njia nyingine. Kila ninaposoma kisa hiki huikumbuka baraza yetu.

Mwaka 1939 Hans Bethe alieleza kwa hesabu namna mambo yanavyokwenda. Uzito wa nyota huubana moyo wake hata ukapata joto kali. Katika jua ni nyuzi milioni 15 hivi. Hapo viini vinne vya haidrojeni huungana, kwa hatua kadhaa, vikawa kiini kimoja cha heliamu. Kiini hicho kipya ni chepesi kidogo kuliko vile vinne vilipokuwa mbalimbali, na upungufu huo ndio unaogeuka kuwa nishati. Jua letu hupoteza kwa njia hii tani zipatazo milioni 4 kila sekunde, nalo limekuwa likifanya hivyo kwa miaka bilioni 4.6.

Nishati hiyo haitoki mara moja. Husukumana na kugongwa huku na huko ndani ya jua kwa maelfu mengi ya miaka kabla ya kufika juu. Kutoka hapo hadi kwetu ni dakika 8 na sekunde 20 tu.

Na nuru inapofika, tunaionaje? Wagiriki wengi wa kale walidhani jicho ndilo linalotoa miali. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Misri yapata mwaka 1040, aliwajibu kwamba mwanga mkali hulitia jicho maumivu. Basi kitu huingia, hakitoki. Kwamba nuru huchukua muda njiani kulithibitika mwaka 1676, pale Ole Rømer alipoona mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii ukichelewa kupatwa kila dunia ilipokuwa ikijitenga na sayari hiyo. Leo tunajua nuru huenda kilometa 299,792 kwa sekunde. (Wako wanaodai kuikokotoa namba hii kutoka katika aya za Qur'ani. Mimi siipendi kazi hiyo: aya haikushuka ili ingoje kusadikishwa na maabara.)

Hata kwa mwendo huo, nuru ya Kilimia, ambayo Waarabu huiita Thurayya, husafiri miaka ipatayo 440. Na lile "wingu dogo" aliloliandika Abd al-Rahman al-Sufi wa Isfahan mwaka 964 ni kundi la nyota lisilo na idadi, ambalo nuru yake huchukua miaka milioni 2.5.

Kutokana na hayo watu husema nyota nyingi tunazoziona zimekwisha kufa zamani. Si kweli. Nyota zionekanazo kwa macho matupu nyingi zimo ndani ya mwendo wa miaka elfu chache, ilhali umri wa nyota huhesabiwa kwa mamilioni na mabilioni.

Katika miezi ya Februari na Machi, baada ya Isha, mtoe mwanao nje mtazame juu. Ukiacha sayari, nyota inayong'aa kuliko zote ni Shi'ra, ile iliyotajwa kwa jina katika Sura An-Najm. Nuru yake imesafiri miaka minane na nusu na ushei. Mtoto wa darasa la tatu ataona nuru iliyoanza safari yeye akiwa bado ananyonya.

Binti yule wa barazani sasa ni mtu mzima. Ikiwa ukurasa huu utamfikia, jibu lake ni hili: mafuta ni haidrojeni, nayo yanaisha. Ya jua letu yamebaki ya miaka bilioni 5 hivi, na Allah ndiye Mjuzi zaidi.