Soksi ya Krismasi: Kazi Yote Iko Kwenye Kisigino

Nikikaa kwenye vimbweta na sindano mkononi, swali la kwanza huwa lile lile: "Kaka, hiyo soksi ya nani mwenye mguu mkubwa hivyo?" Hiyo haivaliwi. Ni soksi ya Krismasi, inatundikwa, na ndani yake zinawekwa zawadi za mtoto. Swali la pili ni la pesa: inalipa? La tatu wengi hawalisemi kwa sauti: mimi ambaye sijawahi kufuma kitu, naweza kuimaliza kabla ya kwenda likizo?

Naandika kujibu yote matatu, kwa sababu Desemba ikifika wengi wetu tunakuwa katika hali moja. Boom limeisha au halijaingia, nauli imepanda, na nyumbani kuna mdogo wako anayeamini kwamba aliyeko chuo ana hela. Soksi moja nene, iliyofumwa vizuri, inaweza kukuokoa. Ila lazima ujue kitu kimoja ambacho wengi wanaishia hapo: kisigino.

Kwanza, desturi yenyewe imetoka wapi? Mzizi wake unahusishwa na Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira katika karne ya 4, sehemu ambayo leo iko Uturuki. Inasimuliwa kwamba alikuwepo baba mmoja fukara mwenye mabinti watatu. Kule mahari ilitoka upande wa binti, kwa hiyo bila mali wasingeolewa. Nikolao akapita usiku, kwa siri, akawatupia dhahabu dirishani. Masimulizi ya baadaye yakaongeza kwamba dhahabu iliangukia ndani ya soksi iliyokuwa imeanikwa karibu na moto. Ndiyo maana katika nchi nyingi chungwa huwekwa ndani ya soksi ya Krismasi: linasimama badala ya ile dhahabu. Mwaka 1823 gazeti moja la mji wa Troy, jimbo la New York, lilichapisha shairi la Krismasi ambalo baadaye lilijulikana kuwa la Clement Clarke Moore. Soksi zilizotundikwa kwenye bomba la moshi zimo humo, na shairi lilipoenea, picha hiyo ikaenea nayo.

Sisi wengi hatuna bomba la moshi sebuleni. Msumari mlangoni unatosha.

Lakini ufundi wa soksi si mali ya Ulaya peke yake. Soksi za kale sana zilizosalia zimetoka Misri, za kati ya karne ya 3 na ya 5, zikiwa zimegawanywa mbele ili kidole gumba kikae peke yake na mtu avae viatu vya mkanda, mfano wa kandambili zetu. Hizo zilitengenezwa kwa sindano moja. Kufuma kwa sindano mbili au zaidi, kama tunavyofuma leo, kunaonekana pia Misri, kwenye soksi za pamba zenye mapambo ya buluu na nyeupe, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 11 hadi ya 14.

Sasa tuje kwenye uzi. Nyuzi za kufumia zimepangwa kwa namba kutoka 0, ambao ni mwembamba kama wa kushonea, hadi 7, ambao ni mnene kama kamba. Uzi wa soksi za kuvaa ni namba 1, na ukifuma upana wa sentimita 10 unahesabu vitanzi 27 hadi 32. Uzi mnene ni namba 5: vitanzi 12 hadi 15 tu katika upana huo huo. Tofauti hiyo ndiyo inayomwokoa mwanachuo. Chukua kipande cha upana wa sentimita 28 na urefu wa sentimita 42. Kwa uzi mwembamba ni vitanzi kama 84 katika mistari 168, yaani zaidi ya vitanzi 14,000. Kwa uzi mnene ni vitanzi 36 katika mistari kama 76: hawafiki 2,800 ukivihesabu vyote. Kazi imepungua mara tano. Anayeanza, akifuma vitanzi 15 kwa dakika, anamaliza soksi nzima kwa saa nne hivi, ambazo ni jioni mbili baada ya kupiga msuli.

Uzi mnene dukani si rahisi kupatikana, na ukiupata una bei. Njia yangu ni mitumba. Nenda Karume, Memorial au Mwanjelwa, tafuta sweta zito lililofumwa, lile ambalo mtu wa Dar hawezi kulivaa hata kwa kulipwa. Kabla hujalipa, ligeuze nje ndani ukague mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, liache, kwa sababu kila mstari umeshakatwa na utapata vipande vifupi vifupi. Ukiona kingo ni nzima, zimeungwa kwa uzi mmoja tu kama mnyororo, hilo ni lako. Liache pia sweta la sufu lililofuliwa kwa maji moto likagandamana, halifumuki.

Nyumbani, kata ule uzi wa mshono utenganishe vipande, kisha anza kufumua upande wa shingoni. Masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo yanafumuka kirahisi kutoka mwisho. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usijisokote, ufue kwa maji ya uvuguvugu, uanike ukiwa umening'iniza chupa ndogo ya maji chini yake. Ukikauka, yale makunyanzi yamenyooka. Uzi ukiwa wa unene wa kati, fuma nyuzi mbili kwa pamoja. Unahitaji gramu 150 hadi 200.

Sindano nazo zilingane na uzi. Spoku za baiskeli, ambazo wengi tumeona mama zetu wakifumia, ni nyembamba mno kwa kazi hii. Tunataka kama milimita 7, unene wa penseli. Ukikosa, vijiti viwili vya mwanzi vilivyochongwa ncha na kusuguliwa kwa msasa mpaka visikwaruze vinafanya kazi vizuri tu.

Mienendo ya kufuma ni miwili. Kitanzi cha mbele: uzi uko nyuma ya sindano, unaingiza ncha ndani ya kitanzi, unauvuta uzi upite. Kitanzi cha nyuma: uzi uko mbele, ncha inaingia kwa upande wa pili. Ukifuma mstari mmoja wa mbele na ukigeuka ukarudi na mstari wa nyuma, kitambaa kinakuwa laini upande mmoja. Haya mawili na kuanzisha vitanzi mwombe mama yeyote anayefuma akuonyeshe. Kwa macho utaelewa ndani ya nusu saa kuliko kwa maandishi. Kisha fuma kipande cha majaribio, upime kwa rula. Ukipata vitanzi kama 13 katika sentimita 10, endelea na hesabu hii.

Anzisha vitanzi 36. Sentimita 5 za kwanza fuma mbele moja, nyuma moja, ili mdomo wa soksi uvutike. Baada ya hapo fuma kawaida hadi urefu wote ufike sentimita 30. Mpaka hapa umefuma skafu fupi tu, kitu ambacho kila mtu anaweza. Wengi wanaendelea hivyo hivyo, wanakunja, wanashona, na wanapata mfuko mrefu ulionyooka. Ukiweka chungwa ndani linaning'inia kama limo kwenye soksi ya mpira.

Mguu una kona. Kitambaa kilichofumwa hakina kona, kina upana na urefu. Ili kipinde, sehemu moja lazima iwe na mistari mingi kuliko sehemu iliyo jirani yake. Hilo ndilo wazo lote la kisigino. Unafuma nusu ya vitanzi peke yake, huku nusu nyingine ikisubiri kwenye sindano. Na hata katika nusu hiyo hufiki mwisho: unageuka kabla, unarudi, unageuka tena kabla.

Kwa hesabu yetu, kisigino ni vitanzi 18 vya mwanzo. Ukiwa upande wa mbele, fuma 17, acha kimoja, geuka. Rudi ukifuma 16 kwa nyuma, acha kimoja cha mwisho, geuka. Fuma 15, geuka. Rudi na 14. Endelea kupunguza kimoja kila mstari mpaka mstari wa 12, ambao una vitanzi 6 tu katikati, na pembeni kushoto na kulia kuna 6 vinavyosubiri. Sasa anza kuvirudisha: fuma 7, geuka, rudi na 8, geuka, fuma 9, na kuendelea, mpaka mstari wa 24 ambapo vyote 18 vimerudi kazini. Hesabu mwenyewe utaona: kisigino kizima ni vitanzi 288. Ni kidogo kuliko mistari kumi ya kawaida.

Jambo moja la kuzingatia ni matundu. Kila unapogeuka katikati ya mstari, panabaki pengo. Kabla ya kugeuka, zungushia uzi mara moja kwenye kitanzi kile unachokiacha. Baadaye ukikirudisha, fuma kitanzi pamoja na uzi uliokizunguka kama kitu kimoja. Pengo linafungwa.

Ukimaliza mstari wa 24, fuma vitanzi vyote 36 na kitu kitatokea mbele ya macho yako: kitambaa kilichokuwa bapa kimetoa mfuko. Wengi tunasoma kwamba umbo linatokana na mpangilio, iwe kwenye hesabu za jiometria au kwenye michoro ya ujenzi, lakini kuliona likitoka kwenye vidole vyako bila mkasi, bila gundi, bila kipande kilichoongezwa, ni jambo jingine. Kwa uzi mwembamba ungefanya hivi kwa vitanzi 42 na ungepotea hesabu. Kwa uzi mnene unaona kila kitanzi, na ukikosea unakiona papo hapo. Ndiyo maana namshauri anayeanza aanze na soksi hii, asianze na ya kuvaa.

Kuanzia hapo fuma sentimita 12 za unyayo. Kwa vidole, punguza vitanzi vinne kila mstari wa mbele: gawa 36 kwa nusu mbili, na mwanzoni na mwishoni mwa kila nusu fuma vitanzi viwili kama kimoja. Mistari ya nyuma rudi bila kupunguza. Utatoka 36 kwenda 32, 28, mpaka vibaki 12. Kata uzi ukiacha mkia mrefu wa kutosha kushonea ubavu wote, upitishe kwenye vitanzi hivyo 12, uvute vikutane, kisha kwa uzi huo huo shona ubavu kuelekea juu. Weka kitanzi cha kutundikia pale mdomoni, upande wa mshono, na ukishikize kweli kweli. Ndicho kinachobeba mzigo.

Tubaki na swali la pesa, maana najua kuna mtu ameshaona mchongo. Tangu William Lee abuni mashine ya kufuma soksi huko Uingereza mwaka 1589, mkono haujawahi kushindana na mashine kwa bei, na hautashinda mwaka huu. Tuseme uzi umekugharimu shilingi 5,000 na umefuma saa nne. Mtu akikupa 8,000 utajiona umepata, kumbe umefanya kazi kwa 750 kwa saa. Akikupa 5,000 umemzawadia jioni zako mbili, tena mtu usiyemjua. Ninaowaona wanavunjika moyo kwenye biashara hizi za hosteli ni wale wanaohesabu malighafi na kusahau muda, wakidhani muda wa mwanafunzi ni bure kwa kuwa hajaajiriwa. Ukitaka kuuza, weka saa zako kwenye bei tangu mteja wa kwanza. Akikataa, mwache aende dukani, atapata ya mashine.

Kama ni ya zawadi, hesabu inageuka. Zile saa nne ambazo soko halizilipi ndizo unazompa mtoto. Fuma herufi ya kwanza ya jina lake kwa uzi wa rangi nyingine, juu kidogo ya kisigino. Ndani si lazima uweke vya gharama: karanga, ubuyu, penseli mbili, daftari dogo lililokunjwa. Chungwa liingie kwanza, likae kule kwenye vidole, ili uzito wake uvute soksi chini na kisigino kionekane.