Maumivu Yameondoka, Ganzi Imebaki

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, apitapo Mtito Andei na Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, huwaona akina mama wenye madumu ya maji mgongoni, ukanda umepita juu ya paji la uso. Wenzao wa Kitui huyachimbua maji hayo katika mchanga wa mito mikavu kama Tiva. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na shingo ndiyo inayovuta.

Mama mmoja wa huko, aliyepasuliwa shingo, aliniuliza: “Sheikh, maumivu ya kuchoma mkononi yaliniondoka wiki ile ile, lakini vidole vingali na ganzi. Je, nimepasuliwa bure?”

La, mama yangu. (Wala sisemi dumu ndilo lililokuponza, gegedu za shingo huchakaa hata kwa akaaye kitini.) Daktari huondoa kinachoubana mshipa wa fahamu, na maumivu mara nyingi hutangulia kupoa. Ganzi huchelewa. Mshipa ulioumia hukua tena kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, na kutoka shingoni hadi vidoleni ni zaidi ya milimita 600; hesabu mwenyewe. Wako ambao hubakiwa na ganzi kidogo maishani, hasa waliochelewa kutibiwa. Lakini ganzi ikizidi, miguu ikilegea, mkojo ukikataa kuzuilika, au kidonda kikitoa usaha pamoja na homa, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Jikoni nako pana hatari: mkono wenye ganzi hauhisi moto wa sufuria. Maji ayapime kwa mkono mzima. Na wakandaji wasiiguse shingo hiyo, hata wakija kwa nia njema. Mazoezi ni yale aliyoagizwa hospitalini.

Ama sala, aliyekatazwa kuinamisha shingo huashiria rukuu na sijda kwa kadiri awezavyo. Akishindwa kwa kichwa, katika madhehebu yetu ya Shafi huashiria kwa kope za macho. Kujilazimisha paji lifike chini huku daktari amekataza si uchaji.

Mama huyu ana vijana watatu wa kiume na punda mmoja. Nimeomba kuzungumza na vijana hao kwa simu, na wamekubali kwamba tangu sasa mtoni wataenda wao.