Marando yakikauka, mbegu imo ndani ya kiazi

Wasikilizaji wetu wa Kiloleli na kwingine Simiyu mnalijua tatizo hili. Mvua za kwanza zinanyesha, ardhi imelainika, lakini marando ya viazi vitamu hayapatikani. Yaliyobaki shambani yamekauka au yameliwa na ng'ombe, na mwenye bustani bondeni anauza kwa bei aitakayo. Anayengoja ya kwake yachipue anapanda kwa kuchelewa.

Mimea mingi inayovumilia kiangazi huweka akiba mwilini. Mbuyu huweka maji katika shina lake nene, ambalo mti wake ni laini kama sponji. Ndiyo maana unaweza kuona mbuyu ukitoa majani mapya kabla mvua haijanyesha. Muhogo na kiazi kitamu huweka wanga chini, kwenye mizizi iliyovimba. Kiazi mviringo, ingawa nacho huchimbwa, si mzizi. Ni shina lililonenepa ardhini, na yale macho yake ndiyo machipukizi.

Tofauti hii ina maana shambani. Ukizika mzizi wa muhogo utaoza tu, kwa sababu hauna machipukizi. Mbegu yake ni pingili za shina. Kiazi kitamu ni mzizi pia, lakini chenyewe kina uwezo wa kuchipua. Sisi tumezoea kupanda marando, tukasahau kwamba kiazi chenyewe kinaweza kutuzalishia marando.

Watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, wamekuwa wakifundisha njia inayotumia uwezo huo, na haihitaji kununua dawa wala mashine. Wakati wa mavuno, kabla hujakata vyote kuwa michembe au kuvichemsha kwa ajili ya matobolwa, tenga viazi vidogo visivyo na jeraha wala tundu la fukusi. Vichukue kwenye mashina yenye afya, maana shina lenye ugonjwa litakupa marando yenye ugonjwa. Chukua beseni au ndoo, weka mchanga mkavu uliopoa, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga tena, malizia na mchanga. Weka ndani ya nyumba mahali pakavu penye ubaridi. Kila mwezi kagua na utoe vilivyooza.

Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, vipande kwenye kitalu karibu na maji, uvimwagilie na kuzungushia uzio wa miiba. Uzio usiudharau: mbuzi mmoja anaweza kumaliza kazi yote asubuhi moja. Kwa wanaotegemea mvua za Novemba, kitalu kinaanza Septemba, kiangazi kikiwa kikali, kwa hiyo hakikisha kwanza kisima chako hakikauki mwezi huo. Kama kinakauka, ungana na jirani mwenye maji, mgawane marando.